Acheni Mchanga wa Bwawa Ulipo

Likija kutoka Kitui, likija kutoka Makueni, swali ni lile lile: "Mhandisi, bwawa letu limejaa mchanga. Tutaletewa lini tingatinga liufukue?" Jamani, msiletewe. Bwawa la mchanga likishajaa mchanga ndipo limeanza kazi. Ukuta mliosomba mawe na maji kuujenga ulikusudiwa kunasa mchanga unaoshuka na mafuriko, na maji yakae ndani ya mchanga huo.

Najua kwa nini hamniamini. Mtu akiambiwa bwawa anataka kuona maji, na mheshimiwa aliyekuja kulizindua anataka ziwa la kupigia picha. Basi tupige hesabu. Katika nyanda kavu za Kenya, jua na upepo huondoa karibu mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa la wazi. Ukuta wenu una kimo gani? Mita 2, pengine 3. Mkiufukua mchanga wote, maji mengi mtakuwa mmelinywesha jua, na yatakayosalia mtagombania na ng'ombe, vyura na mbu. Halafu mafuriko ya kwanza yatalijaza bwawa mchanga upya, na hela ya tingatinga imekwenda.

Mchangani mambo ni mengine. Jua hukausha tabaka la juu, na kufikia sentimita 60 hivi nguvu yake imekwisha. Maji yaliyo chini ya hapo yanangoja. Mbu hapati pa kutagia, kinyesi cha mifugo hakiingii moja kwa moja, na mchanga wenyewe unachuja.

"Lakini mchanga umechukua nafasi ya maji!" Umechukua sehemu tu. Jazeni ndoo ya lita 20 mchanga mkavu wa mtoni, ule wa chembe kubwa, kisha mmimine maji polepole mpaka yaanze kung'aa juu. Zitaingia lita 5, hata 6 au 7. Sasa twendeni mtoni: upana mita 20, kina cha mchanga mita 2 pale ukutani, kikipungua taratibu hadi kuisha mita 500 juu ya mto. Hizo ni mita za ujazo 10,000, na robo yake ni lita milioni 2.5. Toeni yanayokauka juu na yanayogoma kutoka, bado mna makumi ya maelfu ya mitungi ya lita 20, mbali na yaliyopenya kingoni.

Wakamba walichimba visima katika mito mikavu kabla mhandisi yeyote hajafika. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, Machakos, walianza kazi hii mwaka 1978, na shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta Kitui. Nani kati yao mmemwona akifukua?

La kuogopa ni tope. Korogeni konzi ya mchanga wenu katika chupa ya maji: ukituama mara moja, vizuri, maji yakibaki mazito, hapo si mahali pa ukuta, kwa sababu udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukakataa kuyatoa. Ndiyo maana wasomaji wa Masisi na Walikale, kule mashariki mwa Kongo, wanaotaka kuiga Kitui nawajibu hapana. Mito ya Osso na Lowa haikauki, na milima iliyolimwa inashusha matope. Ninyi jengeeni chemchemi, zungushieni ua juu yake, mteremshe maji kwa bomba. Mlima utafanya kazi ya pampu.

Wenye mto mkavu, haraka haraka: tafuteni mahali mto unapobana na mwamba uko karibu. Msingi ufike kwenye mwamba, mabawa ya ukuta yaingie ndani kabisa ya kingo, la sivyo mto utazunguka pembeni uwaache na ukuta. Chimbeni kisima kingoni, mkifunike, mtie pampu ya mkono. Ng'ombe wanywe chini ya ukuta. Limeni matuta mashambani juu ya mto. Na malori ya mchanga yafukuzeni. Makueni wana sheria ya kulinda mchanga tangu 2015, isomeni kabla kamati yenu haijauza maji kwa bei ya kokoto.