Ufungaji wa nyaya katika chumba cha injini cha ndege ya kujitengenezea

Ufungaji wa nyaya katika chumba cha injini ni kazi ya kupanga, kushikiza na kulinda nyaya zote zinazopita mbele ya ukuta wa moto wa ndege ndogo. Nyaya hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni nyaya za umeme, kama zile za stata, alteneta na magneto. Aina ya pili ni nyaya za kuongozea injini, ambazo rubani huzivuta na kuzisukuma kwa mkono ili kubadili nguvu ya injini au mchanganyiko wa petroli na hewa. Makala hii inahusu ndege zinazotengenezwa na watu binafsi, zenye injini ya pistoni iliyowekwa puani.

Lengo la kazi hii ni moja: waya usisuguane na kitu chochote, na usivutwe wala kupindwa mahali pamoja mara kwa mara. Waya ulioachwa ukining'inia utaharibika, au utaharibu kile unachokigusa.

Ndege za kujitengenezea

Nchini Marekani sheria inamruhusu mtu kutengeneza ndege yake mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wasiotengeneza ndege kibiashara. Wengi hununua seti ya vipande na kuviunganisha katika gereji, kwa mfano ndege za aina ya RV kutoka kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon. Chama kikubwa cha watengenezaji hao, kinachojulikana kwa kifupi kama EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Mkutano wake wa kila mwaka hufanyika katika mji wa Oshkosh.

Mara nyingi michoro ya seti hueleza kwa undani namna ya kuunga mbawa na kiwiliwili, lakini njia ya kila waya huachiwa mtengenezaji aamue. Ndiyo maana ndege mbili za aina moja zinaweza kuwa na vyumba vya injini visivyofanana. Wengi hufuata mwongozo wa AC 43.13-1B uliotolewa mwaka 1998 na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), ambao sura yake ya 11 inahusu mifumo ya umeme.

Hali ndani ya chumba cha injini

Waya uliomo ndani ya chumba cha injini hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: joto, mtetemo na uchafu.

Gesi zinazotoka katika silinda huweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi, na mabomba ya moshi hupita karibu na nyaya. Kwa sababu hiyo ganda la waya lina umuhimu mkubwa. Waya wa ndege wenye ganda la Tefzel hustahimili nyuzi 150. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC huvumilia joto dogo zaidi, na ukiungua hutoa moshi wenye sumu.

Mtetemo nao haukomi. Injini ya Lycoming O-320 yenye silinda nne huzunguka mara 2,700 kwa dakika inapofanya kazi kwa nguvu zote. Hiyo ni mizunguko 45 kwa sekunde, na milipuko 90 kwa sekunde ndani ya silinda. Kwa saa moja milipuko hufikia 324,000. Aidha, injini hushikiliwa na vipande vya raba, hivyo huyumba kwa kiasi kinachoonekana kwa macho inapowashwa na inapozimwa, ilhali ukuta wa moto umetulia.

Mafuta ya injini yakivuja hunasa vumbi. Vumbi lenye mafuta likiingia kati ya waya na chuma hufanya kazi ya msasa. Ganda huisha kidogo kidogo mpaka shaba iguse chuma na kupiga shoti. Hatari ni kubwa zaidi kwa waya mnene wa stata, kwa kuwa katika ndege nyingi hauna fyuzi, na shoti yake hupitisha mamia ya ampea. Cheche hizo zikitokea karibu na bomba la petroli, moto unaweza kuwaka.

Vifaa vya kufungia

Klampu za chuma zenye raba ndicho kifaa kikuu. Raba hukaa kati ya chuma na waya. Klampu kubwa mno huacha nyaya zicheze, na ndogo mno huzibana hadi kuharibu ganda. Ili kushikiza nyaya kwenye bomba la fremu ya injini, klampu mbili hufungwa kwa bolti moja: moja hulizunguka bomba, nyingine huzizunguka nyaya. Kwa njia hiyo nyaya hukaa mbali na bomba.

Uzi wenye nta hutumika kufunga nyaya nyingi ziwe kifurushi kimoja. Hauna kona kali, na kila fundo hujitegemea, hivyo moja likikatika mengine hubaki.

Mikanda ya plastiki ni rahisi na ya haraka, lakini karibu na joto hukauka na kukatika. Pia haifai kufungwa moja kwa moja juu ya bomba la fremu ya injini. Vumbi huingia chini ya mkanda, na mtetemo huufanya ulile bomba lenyewe, ambalo ukuta wake una unene wa karibu milimita 1 tu. Hapo plastiki laini hukata chuma kigumu. Wanaoitumia mikanda hiyo hutanguliza kuzungushia bomba tepu ya silikoni.

Kanuni za kupitisha nyaya

- Kati ya klampu mbili, waya ukisukumwa kidogo kwa kidole usilegee zaidi ya nusu inchi, yaani kama milimita 13.
- Waya unaotoka kwenye ukuta wa moto kwenda kwenye injini hushikizwa pande zote mbili, na katikati huachiwa mzingo ili injini iyumbe bila kuuvuta.
- Waya wa umeme hupita juu ya bomba la petroli, si chini yake, ili petroli ikivuja isidondokee kwenye waya. Umbali unaopendekezwa ni inchi 6 (sentimita 15), na hata nafasi ikiwa finyu usipungue nusu inchi.
- Waya wa umeme haufungwi kwenye bomba la petroli au la mafuta kama mahali pa kuegemea.
- Kona ya kifurushi isiwe kali. Nusu kipenyo cha kona huwa angalau mara 10 ya kipenyo cha waya mnene kuliko wote katika kifurushi hicho.
- Kabla ya kufika kwenye kiungo, waya hushushwa kidogo kisha kupandishwa, ili maji yadondoke chini badala ya kuingia katika kiungo.

Nyaya za umeme za ndege huwa na nyuzi nyingi nyembamba za shaba, si uzi mmoja mnene, kwa kuwa uzi mmoja hukatika upesi kwa mtetemo. Hata hivyo nyuzi hizo hukatika pia kwenye ncha inapofungwa, kama hakuna klampu karibu ya kubeba uzito wa waya.

Kupita katika ukuta wa moto

Ukuta wa moto ni bati linalotenganisha injini na watu. Kwa kawaida huwa la chuma cha pua chenye unene wa karibu milimita 0.4. Kila tundu linalotobolewa humo ni njia ambayo moto unaweza kupitia. Pete ya raba hulinda waya usikatwe na ukingo wa tundu, lakini yenyewe huungua. Vilevile kipande cha alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, ilhali moto wa petroli huweza kuzidi joto hilo. Kwa hiyo pete hufunikwa kwa kinga ya chuma, na nafasi iliyobaki huzibwa kwa lakiri isiyoungua.

Nyaya za kuongozea injini

Waya wa gesi hufanana na waya wa breki ya baiskeli: waya wa ndani huteleza ndani ya ganda gumu. Ganda lisiposhikizwa imara karibu na kabureta, rubani akisukuma mkono wa gesi ganda ndilo litakalopinda, na kabureta haitafunguka ipasavyo. Kishikizo hicho hufungwa kwenye injini yenyewe, si kwenye fremu, ili vyote viyumbe pamoja. Bolti ya mwisho huwekewa nati yenye matundu na pini ya kuizuia isifunguke, pamoja na washa pana ili kiungo kisichomoke hata kikilika.

Mfano wa waya wa magneto

Magneto ni jenereta ndogo inayozungushwa na injini na kuzipa plagi umeme bila betri. Injini nyingi za aina hii zina magneto mbili. Swichi yake haifanyi kazi kama ya taa. Rubani akiweka swichi pa kuzima, waya wa magneto huunganishwa na ethi, na hapo plagi hukosa umeme.

Matokeo yake ni haya. Waya huo ukisuguliwa hadi shaba iguse chuma, magneto huzimika angani, na injini hubaki na moja. Lakini waya ukikatika, magneto haizimiki kamwe, hata swichi ikionyesha imezimwa. Mtu akiizungusha parapela kwa mkono, injini inaweza kushtuka na kumpiga. Rubani huweza kugundua kasoro hii kabla ya kuruka: akizima magneto moja, mizunguko ya injini inapaswa kupungua kidogo. Isipopungua kabisa, waya hushukiwa kuwa umekatika.

Ukaguzi

Nchini Marekani ndege ya kujitengenezea hukaguliwa kila baada ya miezi 12, na mtengenezaji anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe. Hivyo mtu aliyefunga waya ndiye pia anayeamua kama umefungwa vizuri. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi humwomba mwenzao aangalie pia.

Kifuniko cha injini kikiondolewa, mkaguzi hutafuta alama za kung'aa kwenye chuma, unga mweusi wa raba, ganda lililobadilika rangi, klampu iliyolegea na mkanda uliokatika. Kisha huzishika nyaya na kuzitikisa kidogo kwa mkono. Alama ya kung'aa huonyesha mahali pa msuguano kabla ya waya kukatika, na dawa yake kwa kawaida ni klampu moja zaidi.