Alama za Mtandao Zimejaa, Mbona Ukurasa Haufunguki?

Huenda umewahi kukutwa na hali hii: alama za mtandao zimejaa kwenye kioo cha simu, kifurushi kimenunuliwa, lakini ukurasa haufunguki. Wengi huharakisha kununua kifurushi kingine. Fedha hutoka, tatizo hubaki. Ili kuepuka hasara hiyo, yafaa kufahamu kwamba mawasiliano ya intaneti hufanyika kwa matabaka manne, moja juu ya jingine.

Tabaka la chini ni kiungo, yaani mawimbi kati ya simu na mnara, Wi-Fi ya nyumbani, au waya. Alama za mtandao huonyesha nguvu ya mawimbi hayo tu. Hazisemi lolote kuhusu matabaka ya juu yake.

La pili ni tabaka la anwani, linaloongozwa na kanuni ziitwazo IP. Data haisafiri kama mzigo mmoja, bali hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500. Picha ya megabaiti 3 huwa pakiti zipatazo 2,000, kila moja ikibeba anwani ya inakotoka na ya inakokwenda.

La tatu huhakikisha mzigo umefika wote. Chini ya kanuni za TCP, data hupewa namba za mfuatano, mpokeaji hukiri alichokipata, na kisichokiriwa hutumwa tena. Anwani na marudio hayo nayo ni data. Ndiyo maana matumizi huweza kuzidi kidogo ukubwa wa picha yenyewe.

La juu ni programu unazozitumia: kivinjari, barua pepe, au huduma ya benki. Hitilafu ya chini hukwamisha vyote vilivyo juu yake, bali hitilafu ya juu haigusi vya chini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifurushi kingine, pima kwanza:

1. Ikiwa programu moja tu imekwama na nyingine zinafanya kazi, yaelekea hitilafu iko kwa mwenye programu hiyo. Kifurushi kipya hakitasaidia.

2. Ikiwa programu zote zimekwama ilhali alama zimejaa, kagua salio la kifurushi na uhakikishe data imewashwa, kisha zima simu na uiwashe tena. Hali ikiendelea, wasiliana na mtoa huduma.

3. Ikiwa alama hazionekani, tatizo liko kwenye kiungo. Jaribu mahali pengine.

Andika tarehe, saa, mahali na programu zilizokwama. Wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma wako kwanza na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, lilete kwa Mamlaka pamoja na kumbukumbu hizo.