Mchora katuni na saa zake mbili
(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi vibonzo vilivyozoeleka kwenye magazeti yetu: Juha Kalulu wa Edward Gitau kule Kenya tangu miaka ya 1950, kisha Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru miaka ya 1960 ilipokuwa ukingoni. Leo tumfuate mchoraji mwenyewe nyumbani kwake, tuone siku inampitaje.

Wengi hudhani kutwa nzima ameinamia meza na penseli. Mkono uliokwisha zoea humaliza katuni kwa saa moja au mbili, na muda wote uliobaki huishia katika kutafuta la kuchora. Namna ya kulitafuta inategemea anachora katuni ipi, kwa sababu ziko mbili, na kila moja ina saa yake.

Ya kwanza ni katuni ya maoni, ile inayokaa karibu na tahariri. Hiyo inakula habari za leo. Mchoraji huamka na redio, hupitia magazeti, husikiliza wahariri wameshika lipi, kisha huchora rasimu mbili tatu za penseli. Mhariri huchagua moja, au huzikataa zote. Iliyopita hutiwa wino, au siku hizi humaliziwa kwenye kompyuta, na lazima iwe tayari kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Kesho yake imefungiwa vitumbua. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992, amejijengea jina kwa saa hiyo. Masoud Kipanya naye aliongezea utangazaji wa redio asubuhi, na mwaka 2022 akaonyesha hadharani gari la umeme alilolibuni. Wapo walioshangaa kwamba mchora katuni anatengeneza gari. Mimi sikuona ajabu: mtu ambaye kazi yake ni kuchungua vitu vimeungwaje, siku moja atataka kuunga cha kwake.

Ya pili ni katuni ya mfululizo, yenye wahusika walewale kila siku. Hapa mfano mkubwa ni Mmarekani Charles Schulz, baba wa Charlie Brown na mbwa wake Snoopy. Alianza tarehe 2 Oktoba 1950 na akachora hadi ugonjwa ulipomzuia, vibonzo 17,897, vyote kwa mkono wake, bila msaidizi. Katika nusu karne hiyo alipumzika kweli mara moja tu, wiki tano za mwaka 1997, alipotimiza miaka 75. Kibonzo chake cha mwisho cha Jumapili kilitoka tarehe 13 Februari 2000; yeye alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Hata huyu hakuishi mezani. Mjini Santa Rosa, California, alijenga uwanja wa kuteleza kwenye barafu, akawa anapata kifungua kinywa katika mkahawa wake kabla ya kwenda kuchora.

Mchoraji wa mfululizo hutangulia gazeti kwa wiki kadhaa. Mvua za masika anazichora jua likiwaka, na Krismasi anaimaliza watu bado hawajanunua hata soda moja. Ni kazi ya akiba, wakati mwenzake wa maoni anaishi kwa kijungu meko.

Ninamfahamu mchoraji mmoja wa Dar es Salaam anayefanya zote mbili. Hapendi kutajwa. Ana baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, ile ya kubebea mizigo, na nyuma ya nyumba ana matuta ya mchicha na bamia. Nilipomuuliza kama hayo ni mapumziko, alicheka. “Baiskeli ni ya katuni ya leo, mzee wangu. Bustani ni ya ile ya mwezi ujao.”

Nilimwelewa asubuhi moja tulipokuwa tumesimama barabara ya Sam Nujoma, karibu na Mwenge, akapita muuza mkaa. Hakuwa ameipanda baiskeli yake, alikuwa anaisukuma, magunia yamempita kichwa. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulikamata mzigo kwa nyuma, na mwili ulikuwa umelala upande kiasi kwamba yeye na baiskeli walisimama kama herufi V iliyopinduliwa: ukimwondoa mmoja, mwingine anaanguka. Mwenzangu alitoa risiti ya dukani mfukoni, akachora mistari minne nyuma yake. Alhamisi nikaukuta ule mgongo gazetini, ila safari hii alikuwa mlipa kodi, na kwenye magunia palikuwa na majina ya tozo. Ndani ya gari lenye vioo vya giza asingeuona.

Hili la baiskeli si la kwetu tu. Mfaransa Jean-Jacques Sempé, mchoraji wa hadithi za Nicolas zilizoandikwa na René Goscinny, ujanani alikuwa akipelekea watu mvinyo kwa baiskeli pande za Bordeaux. Baadaye alichora majalada zaidi ya 100 ya jarida la The New Yorker, na baiskeli haziishi humo. Mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya fundi baiskeli maarufu ambaye siri yake ni kwamba hajui kuiendesha. Mwingereza Frank Dickens alikwenda Paris akitaka kuwa bingwa wa mbio za baiskeli. Ubingwa haukuja. Akaanza kuuza katuni ili apate kula, na mhusika wake Bristow, karani mvivu, akadumu gazetini kwa takriban miaka 40.

Bustani ni habari nyingine. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, bamia inachukua kama miezi miwili, na mwenye matuta huzoea kuhesabu mbele. Rafiki yangu ameandika kalenda ya vibonzo vyake kwenye daftari lilelile la mbegu na samadi. Mwingereza Carl Giles, aliyechorea Daily Express tangu 1943, aliishi shambani karibu na Ipswich, mbali na wahariri wake, akawa anawapelekea michoro London kwa treni. Nadhani umbali ule ulimsaidia kuliko alivyokiri: mhariri asiyeweza kusimama nyuma ya kiti chako hana budi kungoja.

Lakini tusivitukuze mno jembe na pedeli. Mwenzangu mwenyewe anasema siku nyingi anarudi mikono mitupu, jasho linamtoka na wazo hakuna. Na mkewe, aliyekuwa akituandalia chai, aliongeza la kwake: “Shemeji, nikimwona anang'oa magugu kabla jua halijatoka, najua jana mhariri amemkatalia.”

Juma lijalo tutaingia kwenye malipo: kwa nini wachoraji wengi hulipwa kwa kipande na si kwa mwezi, na nani mwenye haki ya mhusika pale mchoraji anapohamia gazeti jingine.