Mkoma Huota Kwenda Chini

Funguvisiwa la Lamu, linalojumuisha visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, limekaa mahali ambapo bahari haina mwelekeo mmoja mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, hupita Lamu na kuungana na mkondo wa Somalia. Lakini kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka na kuteremka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana takriban katika latitudo za Lamu na Malindi kabla ya kupinda kuelekea mashariki, kwenye bahari kuu. Ndiyo sababu fuo za visiwa hivi hupokea makapi ya baharini kutoka pande zote mbili, na miongoni mwa makapi hayo zimo mbegu: vichipukizi vya mikoko, komwe ambazo wachezaji wa bao huzigeuza kete, nazi zilizopauka makumbi, na matunda makavu ya mkoma, ambayo kwa kawaida hayakutoka mbali bali yameanguka kutoka mikoma ya visiwani na ya bara iliyo karibu.

Anayeokota mbegu ya jamii ya mnazi akitaka kuiotesha hukabiliwa kwanza na swali la kama ingali hai, na ushauri anaoupata mara nyingi ni kuitia ndani ya maji, kwamba inayozama ni nzima na inayoelea imeoza. Ushauri huo una msingi katika mbegu ndogo ambazo akiba yake ya chakula imeshikana bila uwazi, kwa kuwa wepesi wake huashiria kwamba ndani pameliwa au pamenyauka. Katika mbegu kubwa za pwani ushauri huo hupotosha, maana kuelea hutokana na sababu mbalimbali, na sababu hizo hutofautiana kati ya aina moja na nyingine.

Nazi huelea kwa sababu makumbi yake yamejaa hewa, na hali hiyo haina uhusiano wowote na ubovu. Mtaalamu wa viumbe vya baharini Charles Edmondson, aliyefanya majaribio yake Hawaii na kuyachapisha mwaka 1941, aliona kwamba nazi ziliweza kuota hata baada ya kuelea kwa takriban siku 110. Hata hivyo haifai kudhani kwamba minazi ya mwambao huu ililetwa na mawimbi peke yake: uchunguzi wa vinasaba wa Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen, uliotolewa mwaka 2011, ulitambua koo kuu mbili za mnazi duniani, moja ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi na Atlantiki, na ukakuta mchanganyiko wa koo hizo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mchanganyiko ambao watafiti hao waliuhusisha na safari za mabaharia wa Kiaustronesia.

Kinyume kabisa cha nazi ni tunda la mti wa Shelisheli unaojulikana kwa jina lake la Kifaransa, coco de mer, ambao kwa asili humea katika visiwa vya Praslin na Curieuse tu. Mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu zote za mimea, ikiweza kupita kilo 15, na ikiwa mbichi huzama moja kwa moja. Inayoelea ni ile iliyokwisha kuoza ndani na kubaki ganda. Kwa karne nyingi maganda hayo yaliokotwa Maldivi na pwani za India bila mtu wa huko kujua mti wake ulipo, hata jina la kisayansi la mti likabeba jina la Maldivi, ambako haumei, na fumbo hilo halikufumbuliwa hadi msafara wa Wafaransa ulipoufikia msitu wa Praslin mwaka 1768. Mbegu ya namna hiyo ikiokotwa ufukweni ni pambo la sebuleni, na hakuna ustadi wa bustani utakaoiotesha. Anayeitaka iliyo hai hana budi kuipata Shelisheli kwenyewe, ambako biashara yake hudhibitiwa kwa vibali.

Mkoma, ambao wanasayansi huuita Hyphaene compressa, hauko upande wowote kati ya pande hizo mbili. Tunda lake la rangi ya hudhurungi lina nyama ya nyuzinyuzi yenye utamu mkavu, na ndani ya nyama hiyo mna kokwa ngumu iliyofunika mbegu. Nayo mbegu ina ukuta mweupe mgumu unaozunguka uwazi wa katikati. Kwa kuwa uwazi huo upo hata mbegu ikiwa nzima, kuelea kwa koma kavu hakuthibitishi uhai wala kifo chake. Dalili ya kuaminika zaidi ni kukosekana kwa matobo madogo ya wadudu wanaotoboa kokwa, na ikiwa zimeokotwa kadhaa, kuivunja moja ili kutazama kama ukuta wa ndani ungali mweupe na kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala katika kishimo chake, hakijageuka kuwa cheusi.

Ugumu wa ukuta huo unastahili maelezo, kwa sababu ndio chakula chenyewe. Nazi huweka akiba yake kwa sehemu kubwa katika mafuta, ilhali mkoma huiweka katika kuta za chembe hai, kwa umbo la minyororo mirefu ya sukari iitwayo manani, iliyoshikana kiasi kwamba mbegu za jamaa hizi huchongwa vifungo na mapambo kama pembe ya ndovu. Chakula kigumu namna hiyo hakiwezi kutumika mpaka kiyeyushwe, na kazi hiyo hufanywa na kiungo ambacho kila mpishi wa pwani anakifahamu katika nazi iliyoanza kuota, yaani joya, ile sifongo tamu inayojaza kifuu. Joya ni ncha ya jani la kwanza la mbegu, nalo hubaki ndani, likitoa vimeng'enya vinavyokata minyororo ya sukari na kuifyonza kidogo kidogo. Katika mkoma kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo mche huendelea kunyonya mbegu yake huku majani yake yamekwisha kutokeza juu ya mchanga.

Sehemu ya pili ya jani hilohilo la mbegu ndiyo inayoutofautisha mkoma na mnazi. Katika nazi chipukizi huchomoza palepale penye kifuu, lakini katika mkoma, kama ilivyo kwa mvumo na kwa ule mti wa Shelisheli, jani la mbegu hurefuka na kuwa mrija unaotoka nje ya kokwa na kuzama ardhini ukiwa umekibeba kiinitete katika ncha yake. Mrija huo huteremka sentimita 20 na zaidi, na katika mti wa Shelisheli huweza kufikia mita kadhaa, ndipo mizizi ianze kutoka upande wa chini na jani la kwanza lipande juu kupitia ufa wa mrija. Faida ya mwendo huo katika nchi ya kiangazi kirefu ni dhahiri: moyo wa mche huwekwa karibu na unyevu, mbali na jua kali, mbali na moto wa nyika na mbali na meno ya mbuzi. Ndovu wa bara la Lamu, wanaomeza makoma mazima na kuyaacha pamoja na samadi, huyasambaza bila kuyafukia, na mbegu hujifukia yenyewe.

Kutokana na maumbile hayo, kosa linaloua mikoma mingi ya kupandwa ni chombo kifupi. Mkebe au mfuko wa kawaida wa miche huuzuia mrija kabla haujamaliza safari yake, nao ukajikunja chini, na mche unaopatikana hauna nguvu. Tena mrija ukikatika wakati wa kuhamisha, chakula chote kilichobaki katika mbegu hupotea. Kwa hiyo ni bora kuipanda mbegu mahali itakapoishi, na ikilazimika kuhamishwa baadaye, itumike ndoo ndefu au kipande cha bomba chenye kina cha nusu mita au zaidi, kilichojazwa mchanga unaopitisha maji vizuri. Nyama ya tunda huondolewa kwanza baada ya kulowekwa, mbegu hulazwa karibu na uso wa mchanga, na joto la nyuzi 30 hivi, ambalo Lamu hulitoa bila gharama, huiamsha katika muda wa miezi kadhaa, na pengine zaidi ya mwaka. Kuifukua kila wiki ili kuitazama ni kuisumbua bure.

Baada ya hapo huja miaka ambayo mkoma huonekana umedumaa. Miti ya jamii ya mnazi haina tabaka la kunenepesha shina linalopatikana katika mwembe au mkwaju, na mtaalamu wa maumbile ya mimea P. B. Tomlinson alieleza kwa kina matokeo ya upungufu huo: mche hulazimika kujenga upana kamili wa shina lake ardhini kwanza, jani baada ya jani, kabla ya kuanza kurefuka. Majani ya mwanzo yana umbo la ulimi, na yale yenye umbo la upepeo hufuata polepole. Shina likishapanda, mkoma huonyesha tabia iliyo nadra sana katika jamii yenye spishi zaidi ya 2,400, nayo ni kilele chake kugawanyika kuwa viwili vilivyo sawa, kisha kila kimoja kugawanyika tena, hadi mti ukawa na panda nyingi. Isitoshe, dume na jike ni miti mbalimbali isiyotambulikana kabla ya kutoa maua, hivyo mbegu moja haitoshi kwa anayetaka makoma.

Hata hivyo wasusi hawangoji maua. Miyaa, ambayo husukwa mikeka, vikapu na vifumbu vya kukamulia tui, kazi ambazo kijiji cha Kipungani kimejulikana kwazo, hutokana na majani machanga ambayo hayajakunjuka, na hayo huchumwa kwa urahisi zaidi kutoka mikoma mifupi isiyo na shina. Kwa mtazamo huo kipindi kinachomchosha mpandaji ndicho chenye manufaa ya karibu zaidi, mradi kila kilele kiachiwe majani ya kutosha kuutengenezea mti chakula, kwani mkoma ambao bado haujagawanyika una kilele kimoja tu, na kikifa hicho hauna kingine cha kuuendeleza.