Kukopa harusi, kulipa matanga

Juma lililopita jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alinijia jioni na karatasi mkononi. Alikuwa amekopa shilingi 600,000 za miezi sita, dhamana yake cherehani zake mbili. "Kaka, waliniambia riba ni asilimia 5 tu. Mbona deni kama halipungui?"

Tukakaa na kalamu. Asilimia 5 ile ilikuwa ya kila mwezi, si ya mwaka, tena ilipigwa kwa zile 600,000 za mwanzo hadi mwisho. Yaani shilingi 30,000 kila mwezi, mara sita: 180,000. Kila mwezi analipa 130,000. Mwezi wa sita, deni halisi likiwa limebaki 100,000, bado anatozwa riba ya 600,000!

Iko njia nyingine, ya riba kupigwa kwa deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza ingekuwa 30,000, wa pili 25,000, na kuendelea kushuka hadi 5,000. Jumla 105,000. Asilimia ni ile ile, mkopo ni ule ule, tofauti shilingi 75,000. Kwa fundi wa mtaani hizo ni gauni nyingi za kushona.

Basi kabla hujatia sahihi, uliza mambo matatu. Kwanza, riba ni ya mwezi au ya mwaka? Pili, inapigwa kwa mkopo wote au kwa deni lililobaki? Tatu, mkononi nitapokea kiasi gani, na hadi mwisho nitakuwa nimelipa kiasi gani? Swali hili la tatu ndilo kubwa, kwani wapo wanaokata ada ya fomu na kadhalika kwanza, ukapokea pungufu huku riba ikihesabiwa kwa fedha ambazo hukuzishika.

Omba nakala ya mkataba, uende nayo nyumbani, uilalie usiku mmoja. Anayekuharakisha ana sababu yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, mwambie akuonyeshe. Wale wa "kausha damu" hawakupewa jina hilo bure.

Na ukikwama, nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya marejesho. Usikope kwa wa pili ili umlipe wa kwanza; huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Jirani yangu ameshalipa miezi miwili, na sahihi haifutiki. Lakini kesho yake alikwenda kuuliza: akilipa zote mapema, riba ya miezi iliyobaki itaondolewa? Hilo angeliuliza siku ya kwanza, wakati fedha bado ziko upande wa pili wa meza.

Haya, tukutane tena juma lijalo.