"Kompyuta imethibitisha mti huu unaua virusi": ukweli ni upi?

1/ Kwenye mkutano mmoja wa siasa hapa Machakos, mgombea aliinua chupa: "Wanasayansi wetu wameweka mti huu kwa kompyuta, imethibitisha unaua virusi. Wenye kampuni kubwa hawataki mjue!" Makofi. Shangazi yangu akanunua chupa mbili. Baadaye nikajua ameacha ARV zake. Amenikubalia niseme. Twende polepole.

2/ Kazi hiyo iko kweli. Chukua korona: virusi vyake haviongezeki bila kimeng'enya kimoja cha kukata protini. Umbo la kimeng'enya hicho liliwekwa wazi kwa watafiti wote mapema 2020. Kina shimo dogo, kama tundu la kufuli. Ukiliziba, virusi vinakwama.

3/ Mtafiti anachukua orodha ya kemikali za mimea, hata maelfu, na programu ya bure kama AutoDock Vina. Kompyuta inageuzageuza kila kemikali ndani ya tundu na kukadiria itashika kwa nguvu gani. Inatoa alama, tuseme -9. Ikizidi kushuka chini ya sifuri, inakadiriwa kushika zaidi.

4/ Lakini hapo hakuna tumbo, ini wala figo. Alama haisemi kama kemikali itafika kwa damu, ama itakuumiza wewe kabla ya virusi. Huo ni ungo tu: unasaidia kuchagua za kupimwa kwanza maabarani. Ungo hauthibitishi chakula kimeiva.

5/ Hata maabara pekee haitoshi. Hydroxychloroquine ilizuia virusi vya korona kwenye seli. Mwaka 2020, jaribio la RECOVERY huko Uingereza likawapa wagonjwa zaidi ya 1,500 hospitalini. Haikupunguza vifo.

6/ Na wewe unayesema "mitishamba ni ushirikina", ngoja kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI na wenzao walichapisha kwamba maji ya mizizi ya mukawa (Carissa edulis) yalizuia virusi vya herpes kwenye seli, na panya walioambukizwa wakaishi muda mrefu zaidi. Artemisinini ya malaria pia imetoka kwa mmea, na Athi River, humu kaunti yetu, kulijengwa kiwanda cha kuikamua. Tofauti ni kwamba hiyo ilipita hatua zote, mpaka kwa wagonjwa.

7/ Kwa hivyo mheshimiwa akiinua chupa, muulize:
– Imepimwa kwa kompyuta, seli, panya au watu?
– Watu wangapi, na walilinganishwa na nani?
– Bodi ya Famasia na Sumu imeisajili?
– Jamii iliyoujua mti huo kwanza itapata nini? Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka maarifa yao yalindwe.

8/ Halafu swali ambalo hawalipendi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina itoe 2% ya pato la taifa kila mwaka kwa Hazina ya Taifa ya Utafiti. Mwaka huu zimetoka ngapi? Kompyuta ndiyo hatua ya bei rahisi. Majaribio ya watu ndiyo ghali, na hapo ndipo dawa zetu nyingi hufia.

9/ Shangazi amerudi kliniki, anameza ARV zake. Chupa moja bado iko kabatini, haijafunguliwa. Anasema atairudisha kwa mwenyewe akija kuomba kura.