Kutoka Kidete hadi Mchikichini: soko la kumwandaa mtahiniwa

Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa mwaka 2024, wakati treni ya umeme inaanza safari za Dodoma, nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kidete ni shilingi 22,000. Kijana wa kidato cha nne analipa yote, kwa kuwa nusu nauli inaishia umri wa miaka 12. Kabla serikali haijafuta ada kuanzia Januari 2016, sekondari ya kutwa ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Safari moja tu ya kumfikisha mtoto kwenye tuisheni za jijini inazidi ada ya mwaka ya enzi zile, na hapo hajalala, hajala, wala hajamlipa mwalimu.

Hesabu hiyo ndiyo inayowakabili wazazi wa Kidete na vijiji vingine vya reli katika wilaya ya Kilosa, kila mtihani wa Novemba unapokaribia. Ada imeondoka, hata ya kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini gharama za kumwandaa mtahiniwa zimebaki. Zimehamia mahali pasipo na stakabadhi: pindi la jioni, kambi ya kidato cha nne, mitihani ya majaribio, lundo la madesa kutoka steshenari.

Muuzaji mkubwa katika soko hili ni mwalimu yuleyule wa shule, anayefundisha baada ya saa za kazi. Wa pili ni mhitimu wa chuo kikuu anayesubiri ajira. Huyu hukodi chumba, hununua ubao na chaki, na hutegemea jina lake lisambae midomoni mwa wanafunzi. Mchikichini, Ilala, imejijengea sifa kwa namna hiyo, kiasi kwamba kijana wa mkoani hulisikia jina lake hata kabla hajaiona Dar es Salaam. Malipo ni kwa somo, kwa mwezi, au mlangoni kwa pindi moja. Mwalimu asiyeeleweka hukimbiwa ndani ya wiki, adhabu ambayo mwenzake wa shuleni haijui.

Tusiwabeze walimu hawa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta fizikia kwa Kiingereza. Darasani anakariri. Kwenye tuisheni mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, anarudi kwenye Kiingereza cha mtihani, halafu wanasolvu maswali. Sehemu kubwa ya kinachouzwa hapo ni maelezo ambayo mtoto alipaswa kuyapata bure.

Ipo pia biashara ya karatasi. Nyambari Nyangwine alijulikana nchi nzima kwa vitabu vya wanafunzi wa sekondari, akawa na kampuni ya uchapishaji yenye jina lake, na mwaka 2010 akaingia bungeni kwa jimbo la Tarime. Siku hizi vitabu vya namna hiyo vinashindana na mashine ya kutoa nakala. Mitihani ya miaka iliyopita, pasti pepa kama wanavyoiita wenyewe, inapatikana mtandaoni bila malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao, na Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, inatoa masomo kwa simu na kompyuta. Kwa familia ya Kidete, simu moja ya kupangusa na kifurushi cha intaneti vinaweza kuleta nyumbani karibu kila karatasi inayouzwa mjini. Kisichokuja kwa simu ni mtu wa kusahihisha daftari.

Kasoro kubwa ya soko hili ni kwamba halina mizani. Mtahiniwa hufanya mtihani kwa namba ya shule yake, au ya kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, na Baraza la Mitihani hutoa matokeo kwa namba hizo. Kituo cha tuisheni hakina namba. Hakuna popote pa kusoma kwamba waliosoma kwa mwalimu fulani walipata nini, kwa hiyo kila mmoja anaweza kujitwalia waliofaulu na kuwakana walioangukia sifuri. Hata kwa shule zenyewe tangazo limepungua: Januari 2023 Baraza liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, likisema utaratibu huo hauna tija. Nadhani lilifanya vyema. Orodha ile ilikuwa bango la bure kwa shule zinazochagua wanafunzi kabla hazijawafundisha.

Kulipiga marufuku soko hili si rahisi: Kenya ilijaribu kwa sheria. Sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni za likizo, lakini malalamiko ya wazazi kuhusu michango ya masomo ya ziada hayajaisha.

Basi mzazi anunue nini? Wauzaji wengi huuza divisheni: usiishie foo, pata wani. Lakini divisheni huhesabiwa kwa masomo saba bora tu, na hapo ndipo wengi wanapotupa fedha. Kutoka B kwenda A katika Kiswahili kunampunguzia mtahiniwa pointi moja. Kutoka F kwenda D katika fizikia kunaweza kusimpunguzie hata moja, ikiwa fizikia haimo katika saba zake. Ila D hiyo inafungua mlango. Vyuo vya kati vinadai ufaulu wa masomo manne, na kozi ya utabibu, inayofundishwa hapo Kilosa mjini, inataka kemia, baiolojia na fizikia ziwemo. Kidato cha tano kinataka krediti tatu. Chuo kikuu, baadaye, kinaangalia masomo mawili ya kombi. Kila mlango una masomo yake, na divisheni nzuri pekee haitoshi kuifungua yote.

Hisabati ndiyo inayoonyesha hali ilivyo. Mwaka 2023 aliyefaulu somo hilo kidato cha nne alikuwa takriban mmoja kati ya wanne, huku karibu tisa kati ya kumi wakipata cheti kwa masomo yote kwa ujumla. Pengo la hisabati halizibwi kwa kambi ya wiki sita. Asiyejua sehemu na aljebra ya kidato cha kwanza atakaa kambini akinakili majibu.

Ndiyo maana naona fedha nyingi katika soko hili zinatumika zikiwa zimechelewa kwa miaka miwili. Wakati wa kumlipa mwalimu wa hisabati au fizikia ni kidato cha pili, kabla ya mtihani wa upimaji wa taifa, maana kwa utaratibu uliozoeleka ni kidato cha tatu ndipo mwanafunzi huamua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Akiziacha, hakuna tuisheni ya Mchikichini itakayomrudishia mlango wa utabibu. Na kama kijana anapenda kazi za mikono, chuo cha VETA kipo Mikumi, wilaya hiyohiyo, wala hakihitaji divisheni wani.

Wazazi wa Kidete watatu au wanne wakiunganisha nauli ambazo wangezitumia likizo ya Juni, wanaweza kumlipa mwalimu mmoja wa somo moja awafuate watoto kijijini kila Jumamosi. Kabla hamjamlipa mwezi wa pili, fungueni madaftari: yawe na maswali yaliyosahihishwa kwa mkono wake, si notisi tu. Asiyesahihisha, mbadilisheni.